Chokaa Kwenye Picha ya Rukia

Mzee Salim alipofariki mwaka juzi, wanawe walinitumia gari huku Madale, nikapelekwa Keko na kukalishwa kwenye mkeka wa mbele pamoja na dada za marehemu, mahali ambapo mtu baki hakai. Mimi si ndugu yao wala si Mwislamu, na msalaba wangu nilikuwa nimeuficha chini ya kanga ili nisimkere mtu. Asha, kitindamimba wa marehemu, ndiye aliyenishika mkono. Aliwaambia wanawake waliokuwapo kwamba huyu ndiye nesi Monika, aliyemuuguza mama yao mpaka dakika ya mwisho, naye ni mama kwao. Baada ya chakula alinisogelea akanieleza habari za binti yake aliyejifungua karibuni. Ziwa lilimvimba, homa ikampanda, wakamkimbiza hospitali, na huko wakampaka ute wa baridi, wakapitisha kidude juu ya ngozi, na daktari akamwonyesha kwenye kioo doa jeusi lililokuwa usaha. Waliuvuta kwa sindano, na wiki haikuisha akawa ananyonyesha. Asha alisimulia akicheka, kisha akashusha sauti. "Lakini kwanza nilimsugua mwenyewe, mama, siku tatu, asibakishe hata poda. Sie kwetu hatupaki kitu kwenye ziwa. Si unajua mama yetu alikufa kwa chokaa." Wanawake walio karibu wakatikisa vichwa kukubali. Nami, mtu mzima wa miaka zaidi ya sitini, nikatikisa changu.

Nimekuwa nikijaribu kuandika sura hii tangu msiba ule, na kila mara najikuta nimeanza kueleza nilikozaliwa na jinsi misheni ilivyonisomesha, mambo ambayo hayana kazi hapa. Itoshe kusema kwamba mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nina cheti cha unesi ambacho nilikipenda kuliko inavyofaa mtu kupenda karatasi, na nilikuwa nimepanga chumba cha uani katika nyumba ya Salim. Mbele palikuwa na duka lake la mchele, mafuta ya taa na kanga. Katikati walikaa yeye, mkewe Rukia, watoto wanne, na mama yake, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa. Nyuma kulikuwa na jiko, kisima na chumba changu. Kuta za nyumba zile hazikufika kwenye paa, hivyo aliyekohoa upande wa dukani alipewa pole uani. Nilijua nani kagombana na nani kabla wao wenyewe hawajapatana. Rukia alikuwa amenizidi miaka michache tu, tukawa mashoga tangu wiki ya kwanza, tangu aliponiletea sahani ya bokoboko akasema nesi mwembamba anawatisha wagonjwa. Tangu siku ile sikumbuki kupika jioni. Nilikula kwao, kwenye mkeka mmoja na wanawake, mbaazi za nazi, mchuzi wa papa, mkate wa ufuta, na Bi Mkubwa akinisogezea minofu huku akinilaumu kwa nini sijaolewa.

Hospitalini nilikuwa nimetolewa wadi ya wazazi nikapelekwa kwenye chumba cha eksirei. Sababu ilikuwa moja. Wanawake walikuwa wanakataa kuvua nguo mbele ya Yusufu, fundi wa mashine, ingawa alikuwa mzee wa heshima zake, na wengine walirudi nyumbani na kifua kikuu chao bila kupigwa picha. Kazi yangu ikawa kuwavua, kuwaosha, kuwalaza, kuwaambia wabane pumzi, kisha kuingia na filamu kwenye chumba cha giza kuisafisha. Chumba kile kilikuwa na taa moja nyekundu na harufu ya dawa iliyoshika mpaka kwenye nywele. Daktari wa picha alikuwa Mwingereza mrefu tuliyempa jina la Bwana Polepole, kwa kuwa hakuna alichokifanya kwa haraka, hata kupiga chafya. Alikuwa amesoma kwenye majarida ya kwao kwamba eksirei ile ile ya mifupa inaweza kupiga ziwa la mwanamke na kusaidia kujua kama uvimbe ni jipu au ni saratani. Wenzake walimcheka. Yeye alijaribu tu, kila alipopatikana mwenye kukubali.

Mwenyewe alikiri kwamba picha zile zilikuwa ngumu kusomeka. Usaha ulionekana mweupe, saratani nayo ilionekana nyeupe, na ziwa la mama anayenyonyesha lilikuwa jeupe hata likiwa zima. Kitu kimoja tu ndicho alichokitafuta, akiinama juu ya kioo cha taa na lenzi mkononi: vipunje vidogo vyeupe, kama chumvi iliyosagwa, vimejikusanya mahali pamoja. Alinifundisha kuviona. Alisema vikionekana vile, jipu si jipu. Alinifundisha kwa Kiswahili chake cha vitabuni, bila kunidharau, na nasema wazi kwamba sikuwahi kabla ya hapo kuelezwa jambo la kitaalamu na mtu aliyetarajia nilielewe. Nilivimba kichwa. Nilirudi Keko nikitembea katikati ya njia.

Miezi michache baadaye akaletwa mama mmoja wa Mbagala mwenye ziwa lililovimba, na picha yake ikatoka na vipunje. Bwana Polepole akawa ameshika kalamu aandike ziwa likatwe. Mimi nikakumbuka kwamba ziwa lile lilikuwa limepakwa dawa ikakauka, na nilikuwa nimelifuta juu juu tu kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Nikamuuliza yule mama, akasema ni chokaa, ile ile ya kutafunia tambuu, wameichanganya na asali ili kuivisha jipu. Nikamsugua kwa sabuni mpaka akalalamika, tukapiga picha ya pili, nayo ikatoka safi. Akapasuliwa, usaha ukajaa bakuli, akaenda kwao mzima. Bwana Polepole alinishika mkono mbele ya watu. Yusufu akanibandika jina la Mama Chokaa, na nililipokea kama nishani. Mtu akisifiwa mara moja kwa jambo alilolifanya vizuri, humchukua muda kujua kwamba mara ya pili ni jambo jingine.

Rukia alianza kuumwa Asha akiwa na miezi mitano. Ziwa la kushoto lilikuwa jekundu, limejaa, la moto ukiligusa. Bi Mkubwa aliingia kazini kama alivyoingia kwa kila mzazi wa mtaa ule. Alipika mchuzi wa pilipili manga, akamkanda kwa maji ya moto, akakoroga chokaa yake ya tambuu na asali akaipaka ziwa zima, akafunga kwa kitambaa. Majirani nao walileta maneno. Mmoja alisema ni kijicho cha mtu aliyeona maziwa yanavyotoka, mwingine alinong'ona kwamba huenda mtoto amebemendwa, wazazi hawakungoja aache ziwa, na Bi Mkubwa akamtimua uani na ufagio. Wiki mbili zikapita bila nafuu. Niliwasikia juu ya ukuta, Salim na mama yake, wakibishana kwa sauti za chini. Mama alikuwa anataka mkwewe apelekwe hospitali, na hilo nataka lijulikane, maana baadaye lilisahauliwa. Salim ndiye aliyesita. Hakuwa mkorofi. Alikuwa mtu wa stara tu, naye alishasikia kwamba madaktari wote ni wanaume na wote hushika kwa mikono.

Asubuhi yake aliniita dukani, akaniwekea kikombe cha chai juu ya meza, akauliza kama ni kweli mashine inaona bila mtu kuona. Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia nitamvua mimi, nitamwosha mimi, nitamlaza mimi, na daktari ataangalia filamu tu.

"Basi aione picha," alisema, "mke wangu asimwone. Lile utakaloambiwa na picha, mie nitalifuata."

Niliona fahari kubwa kupewa maneno yale. Leo nayaona yalivyokuwa mazito. Kwa mgonjwa mwingine yeyote daktari alikuwa na vidole vyake, alibonyeza, akapima kwapani, akaipa picha nafasi yake ndogo. Kwa Rukia kulikuwa na picha, na mimi.

Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mara mbili. Kisha nikapita na spiriti, nikachokonoa kwa pamba kila mkunjo wa chuchu, na yeye anajikaza, machozi yanamtoka kwa maumivu na huku ananitania kwamba mume wake mwenyewe hajawahi kumkagua hivyo. Nilimsogeza chini ya taa nikamwangalia. Alikuwa safi. Hili ndilo neno ninalolizunguka tangu ukurasa wa kwanza, nami naliandika sasa: hakukuwa na chokaa. Nilijua kwa mikono yangu na kwa macho yangu. Na nilipoinua filamu chumba cha giza, ikichuruzika maji mbele ya taa nyekundu, vipunje vilikuwapo, vimekusanyika upande wa juu, vingi kuliko vya mama wa Mbagala.

Nilisimama pale kwa muda gani sijui. Sikupanga kusema uongo. Nilichokifanya ni kutafuta njia ya kutoyaamini macho yangu, na njia ilikuwa tayari, nimeshapongezwa kwayo. Chokaa ilikaa ziwani wiki mbili, nikajiambia, lazima imeingia kwenye vinyweleo, sabuni gani inafika huko. Nje Rukia alikuwa ameketi amejifunika buibui, anatetemeka kwa homa, na Salim yuko mlangoni ameshika kofia mkononi. Nilipopeleka filamu, Bwana Polepole aliinama na lenzi yake, kisha akauliza kama hii ni kama ile ya Mbagala. Nikajibu, "Ndiyo, Bwana. Kwao wanapaka chokaa." Maneno yote mawili yalikuwa ya kweli ukiyachukua moja moja. Alifikiri kidogo, akasema filamu za ukubwa ule zimebaki chache mpaka meli ifike, na kwa kuwa mimi nawajua watu wangu, tusiharibu nyingine. Akaandika jipu. Akaandika sindano za penisilini.

Nilimchoma mwenyewe, chumbani kwake, asubuhi kabla ya kazi na jioni niliporudi. Siku za mwanzo wekundu ulipungua na homa ikashuka, na nyumba nzima ikapumua. Bi Mkubwa alichinjisha kuku. Salim aliniletea doti ya kanga kutoka dukani, na Rukia akanifunga moja kiunoni akisema sasa angalau naonekana mtu wa pwani. Nilikula kuku yule kwa furaha kabisa. Wiki ya pili wekundu ulirudi, ngozi ikaanza kuwa nzito yenye vishimo, kama ganda la chungwa, na chuchu ikaanza kuingia ndani. Nilikuwa nimesoma vitabu vya kutosha kujua maana yake. Niliongeza sindano. Jioni moja nilimgusa kwapani kwa kisingizio cha kumnyoosha mkono, nikakuta tezi gumu, halisogei. Nikamwambia ni homa ya jipu hiyo, hukimbilia kwapani, na yeye akaniamini kwa sababu alikuwa ananiamini katika kila jambo.

Ilipofika wiki ya sita Salim mwenyewe alisema stara sasa iwekwe kando, mke wake apasuliwe na atakayepasua. Walipokata hapakutoka usaha. Ilitoka damu kidogo, na kidonda hakikufunga tena mpaka mwisho. Filamu mpya zilikuwa zimefika. Tukapiga picha ya pili, na Bwana Polepole akaziweka zote mbili kwenye kioo cha taa, ubavu kwa ubavu. Vipunje vilikuwa mahali pale pale, kwa mpangilio ule ule, kimoja kimoja. Wakati huo Rukia alikuwa hajapakwa chochote kwa mwezi na zaidi. Hakuna chokaa inayokaa hivyo. Daktari aliondoa miwani akaniuliza, polepole kama kawaida yake, lakini bila kunitazama.

"Siku ile ya kwanza, ulimwosha?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya kuwa mtu. Nilikuwa na cheti changu, na jina langu la Mama Chokaa, na umri wa miaka ishirini na miwili. Nikasema, "Alikuja amepakwa nyingi sana, Bwana." Akatikisa kichwa. Akaandika kwenye faili, kwa mwandiko wake mzuri, kwamba picha ya kwanza iliharibiwa na dawa ya kienyeji. Kisha akamwita Salim, na mimi nikawa mkalimani. Nilizigeuza sentensi zake zote kwa Kiswahili, pamoja na hiyo. Nilimwambia mume wa shoga yangu, kwa sauti yangu, kwamba ugonjwa ni saratani, kwamba umeshaenea na kisu hakitausaidia, na kwamba ungeonekana mapema kama ziwa lisingekuwa na chokaa.

Salim aliinuka. Alivaa kofia yake. Nyumba zile, kama nilivyosema, kuta zake hazikufika juu, na jioni ile nilimsikia akimwambia mama yake. Hakumkaripia. Alimweleza tu, kama mtu anayesoma barua. Kisha nikasikia Bi Mkubwa akiuliza, mara tatu kwa maneno yale yale, "Mie? Mie ndiye?" Nililala kitandani nikiwa nimevaa nguo za kazi. Palikuwa na mlango mmoja na uga wa hatua kumi kati yangu nao. Kesho yake yule mama aliacha tambuu, yeye ambaye meno yake yote yalikuwa mekundu kwa tambuu, na hakuitafuna tena miaka yote aliyobaki hai. Alikaa jikoni hata wakati hakuna kinachopikwa. Watoto walipomwita hakuitika mpaka waguse bega lake.

Wakati fulani, nilipokaribia kustaafu, nilimweleza daktari mmoja kijana kisa hiki kana kwamba ni cha mtu mwingine. Aliniambia aina ile ya saratani, inayojifanya jipu, huua haraka hata leo, na kwa vifaa vya zama zile mgonjwa angekufa tu, labda miezi michache mbele. Alidhani ananifariji. Nilimshukuru, nikaenda kunywa chai. Wala simlaumu, kwa sababu sikumwambia kwamba kifo sicho kinachonikaa moyoni. Watu wanakufa, nimewafumba macho wengi. Kinachonikaa ni kile ambacho Rukia alikufa akikiamini, na kile ambacho mama mkwe wake aliishi akikiamini, na sasa wajukuu wanakifundishana kwa nia njema.

Asha aliachishwa ziwa akawa ananyweshwa maziwa ya mbuzi kwa kijiko, akayakataa, akalia mpaka sauti ikakauka. Rukia alikuwa anamsikia kutoka kitandani na maziwa yanamtoka upande ulio mzima, analowa, na hatukumruhusu kumnyonyesha kwa sababu ya dawa za maumivu. Nilimwosha kila siku. Kidonda kilikuwa na harufu, na yeye alikuwa mwanamke wa udi na asumini, akawa anageuza uso kwa aibu nilipofungua kitambaa. Nikawa natoka kazini mbio, silali zaidi ya saa chache, namgeuza, namlisha uji, namsugua miguu. Mtaa mzima ulinisifu. Walisema yule msichana Mkristo wa bara ana moyo kuliko ndugu wa damu. Kila sifa iliniingia kana kwamba naistahili, na sikukataa hata moja.

Siku chache kabla hajafariki, alasiri, aliomba watu waje wachukue radhi. Ndivyo inavyofanywa: mgonjwa akijua safari imefika huwaita mmoja mmoja, akawaomba msamaha kwa alilowakosea, nao humwomba yeye, ili pasiwe na deni upande wowote. Walipita watoto wakubwa, majirani, hata yule aliyetimuliwa na ufagio. Bi Mkubwa alipoingia alianguka magotini akashindwa kusema, na Rukia akamshika kichwa akamwambia ulinipaka kwa mapenzi, mama, nimekusamehe kabla hujaomba. Mimi niliitwa mwisho. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amebaki macho tu na mifupa. Alinitafuta mkono akaushika.

"Nisamehe, shoga," alisema. "Ulihangaika kuniosha, na mie nilishaiharibu picha yako. Daktari asikuone hujui kazi."

Nikamwambia nimekusamehe. Nilisema hivyo. Yakanitoka mdomoni mepesi, kama mtu anayejibu salamu.

Akapumzika kidogo, akakusanya pumzi, kwa maana radhi ina pande mbili, naye alikuwa mwanamke aliyefanya kila jambo kwa ukamilifu. "Na wewe," aliniuliza, "una lolote la kuniambia?"

Aliningoja. Nje mtoto alikuwa anabembelezwa. Alikuwa hana haraka yoyote, alinitazama kwa upole, mkono wake ndani ya wangu, na naamini, tangu siku ile mpaka leo naamini, kwamba angenisamehe.

Nikasema sina. Akanishukuru.